Hodi ya Tatu

"Usi, unaliona lori?"

"Nnaliona, Bi Asila. Na vumbi lake nshalila."

Vespa ya jasusi Usi Mkadam ilipiga kelele kama mbuzi aliyejua kesho Idi. Mbele, Isuzu ilikimbilia Fumba. Chini ya turubali, paneli arubaini za sola.

"Yule mwekezaji Falk kafungua hoteli ya pili," bosi alifoka kwenye redio ya Motorola. "Mkaguzi akisaini kabla ya adhuhuri, cheti cha jengo la kijani, lisilochafua mazingira, ni cha maisha. Hatukagui tena. Mzuie!"

Upepo ukafunua turubali.

Kila paneli ina stika ya ukaguzi. Kila stika ina saini.

Saini yake.

Mbweni, 2001. Miaka mitatu nyuma Usi alikuwa mkaguzi, na hoteli ya kwanza ya Falk iling'ara paneli hizi hizi juu ya paa. Chumba cha betri kilikuwa kimefungwa. Alibisha hodi mara tatu, kimya, akarudi zake kama mtu aliyelelewa vyema. Akala halwa. Akasaini.

Haya ikampanda hadi masikioni. Beretta kiunoni haikumsaidia kitu.

Fumba. Mkaguzi kijana, Shahida, kasimama mbele ya chumba cha betri, kalamu mkononi.

"Hodi! ... Hodi! ... Hodi jamani!"

Kimya.

"Hakuna mtu," Falk akatabasamu, Kiswahili chake laini. "Karibu kahawa, Bi Shahida."

Usi akapita katikati yao.

Teke moja, mlango wazi.

"We kaka! Nani kakukaribisha?" Shahida akang'aka.

"Chungulia kwanza, halafu unisute."

Betri hamna hata moja. Nyaya zinaning'inia. Jenereta la dizeli limefunikwa mkeka.

Falk akacheka. "Nyinyi watu wa hapa mna adabu mno. Mimi nilitegemea hiyo tu."

Pingu zikalia. Motorola nayo ikalia.

"Hongera, Usi! Paneli kazitoa wapi?"

"Kazing'oa Mbweni, Bi Asila."

"Mbweni ina cheti! Alisaini punguani gani?"

Shahida alishaiona stika yenye jina la Usi kwenye paneli iliyoshushwa mlangoni. Akaifunika kwa kiganja, amsitiri.

Usi akauondoa mkono wake taratibu.

"Mimi."

Akaisogeza redio karibu na mdomo.

"Kanuni zibadilishwe, Bi Asila. Kila mwaka, bila taarifa, kila mlango ufunguliwe. Tuanze Mbweni. Na jina langu liandikwe."

Akapanda Vespa, akavaa miwani yake nyeusi ya Ray-Ban, akaondoka polepole.

Jua lilikuwa limeshajificha mawinguni.