Baba Aitwa Kujieleza

Kila asubuhi Navalayo aliteka maji, akafagia uwanja, kisha akampelekea baba yake chai. Siku hizi chai ilikwenda mbali: katikati ya miwa ya Navakholo, ambako baba huyo, Shikanga, alijificha kama panya buku.

Wazazi wake walipotengana, hakimu wa Kakamega aliamuru Navalayo aende kwa mama yake kule Shieywe kila likizo. Likizo ya Aprili ilipita, ya Agosti ikaanza, hakwenda. Ndipo Baba akaletewa hati: afike mahakamani, ajieleze kwa nini asiadhibiwe kwa kukaidi amri.

"Hapo nimeshafungwa," Baba alisema. "Mtu akiniuliza, sema nimeenda Uganda."

Mzee wa nyumba kumi alipokuja, Navalayo akasema hivyo hivyo, ulimi mzito.

Mzee akatikisa kichwa. "Basi kesho asipofika kortini, hakimu ataagiza akamatwe. Mtoto, utabaki bila baba."

Jioni Navalayo aliusukuma kando obusuma, ugali wake. Alilia mpaka akamfunulia Nyanya, mama yake Baba, yote. Nyanya akajifunga leso, akaingia kwenye miwa.

"Shikanga, unaambiwa ujieleze. Umejieleza lini?"

"Mama, nitasema nini? Tulikula ingokho, kuku wa mapatano, na wajomba wa mtoto. Wazee wakaamua akaenga hapa, asiende kwa mama yake. Nilidhani mambo ya korti yameishia hapo."

"Hayo ndiyo maneno ya kupeleka! Ya nini kuiambia miwa?"

Kesho yake Baba alisimama mbele ya hakimu, Navalayo na Nyanya wakiwa nyuma yake. Alieleza yote, hata kuku wa mapatano. Hakimu akamgeukia mama yake Navalayo.

"Ndugu zangu walimla huyo kuku," Mama alisema kwa sauti iliyokauka. "Mimi sikuulizwa. Aprili nilimngoja mtoto wangu stendi mpaka giza likaingia."

Navalayo hakuwa amejua. Moyo ulimwuma kama umekanyagwa.

"Bwana Shikanga," hakimu alisema, "amri ya mahakama haichinjwi pamoja na jogoo. Mkikubaliana, njooni wote hapa, ndipo ibadilishwe. Kwa kuwa umekuja na umesema kweli, sikufungi. Ila ukikaidi tena, utafungwa. Leo mtoto anakwenda na mama yake."

Nje, Baba aliegemea ukuta, akalia mbele za watu. Mama alisimama kando bila kumtazama. Hakuna aliyeshinda.

Nyanya akamshika Navalayo mabega. "Mjukuu wangu, korti ikikuita ujieleze, bado haijakuhukumu. Inataka kusikia kinywa chako. Baba yako angebaki mafichoni, hakimu angesikia uongo wetu tu, ule wa Uganda. Ukiitwa, nenda. Hata kama unaogopa, nenda ukaseme kweli."

"Nyanya, nitarudi?"

"Shule zikifunguliwa, utarudi. Na baba yako utamkuta nyumbani."