Fundi Aliyekatazwa Kusema

Mtaani kwao hakuna aliyemwita kwa jina lake. Walimwita Honi. Alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma, na sauti yake ilishinda hata mashine yake ya kukatia. Akiomba chumvi mezani, jirani wa nyumba ya tatu huuliza, "Chumvi imewaishia tena?"

Honi alipenda kusema. Alisema akila, alisema akivaa viatu, alisema hata mswaki ukiwa mdomoni. Mkewe alikuwa fundi cherehani. Alishazoea. Alishona huku akiitikia "ehe, ehe" bila kuinua kichwa.

Kwenye karakana iliyokuwa uani kwao, Honi alifanya kazi na shemeji yake, mdogo wa kiume wa mkewe. Shemeji alikuwa mtu mzima, mpole, mwenye mikono hodari na maneno machache. Hata angekuwa nayo mengi, angeyapenyeza wapi?

Asubuhi moja Honi alifungua mdomo amwite mkewe. Ikatoka sauti ya mlango usiotiwa mafuta. Akajaribu tena. Safari hii haikutoka hata hiyo.

Mkewe akampeleka zahanati. Tabibu akamtazama koo, akatikisa kichwa.

"Nyuzi za sauti zimevimba," alisema. "Umezichosha kwa kupiga kelele. Dawa kubwa ni kunyamaza. Wiki nzima usiseme. Na usinong'one pia, maana kunong'ona nako kunachosha koo."

"Wiki moja tu, daktari?" mkewe akauliza. "Huwezi kumwongezea kidogo?"

Nyumbani mambo yakaanza kwenda mrama. Honi alitaka taulo. Akajipapasa kichwa na mabega. Mkewe akamletea dawa ya maumivu. Honi akatikisa kichwa kwa hasira. Mkewe akamwongezea kidonge cha pili.

Lakini tatizo kubwa lilikuwa kazini. Msimamizi wa chekechea alikuwa ameagiza geti. Shule ile ilikuwa kando ya barabara ya malori, na geti la zamani lilikuwa limeng'oka. Juzi tu mtoto mmoja alikimbilia mpira hadi katikati ya barabara. Lori lilifunga breki karibu naye kabisa. Msimamizi alikuja kuagiza siku ile ile.

"Fundi, fanya haraka," alisema. "Silali."

Honi alikuwa na kazi nyingine ya kufunga madirisha mbali na pale. Ilibidi amwachie shemeji geti. Akachukua chaki, akaandika juu ya bati: "Geti moja, milango miwili. Komeo liwe juu." Kisha akaongeza na ishara, ili asikosee. Akaonyesha vidole viwili. Akainua mkono juu ya kichwa, akajifanya anafunga komeo. Halafu akashusha mkono hadi magotini na kutikisa kichwa, maana yake, watoto wasilifikie.

Shemeji akatazama bati. Akamtazama Honi. Akaitikia kwa kichwa.

"Sawa, shemeji. Nimeelewa."

Honi akaenda zake, moyo mweupe.

Aliporudi kesho yake jioni, alimkuta msimamizi wa chekechea karakanani, ameshika kiuno. Amekuja na kijukuu chake cha miaka minne. Mbele yao yamesimama mageti mawili mazuri, yamepakwa rangi, yanang'aa. Makomeo yake yako usawa wa goti. Kile kijukuu kinafungua, kinafunga, kinafungua tena, kinacheka.

"Hiki si kizuizi," msimamizi akasema. "Ni kuwakaribisha barabarani!"

Honi akafungua mdomo apige kelele. Akakumbuka tabibu. Akabaki na mdomo wazi, mishipa ya shingo imesimama, anapiga bati kwa ngumi na kuonyesha yale maandishi. Mkewe akasikia kishindo, akaja mbio na sindano mkononi.

Nyuma yake akaja jirani wa upande wa pili wa ukuta. Huyu alikuwa mwalimu wa watoto viziwi.

"Siku mbili hizi kimya," alisema. "Nimekuja kuona kama mko hai. Kuna nini?"

Wote wakasema kwa pamoja, isipokuwa Honi. Mwalimu akawasikiliza, kisha akamgeukia shemeji.

"Wewe ulielewa nini?"

"Mimi nilionyeshwa vidole viwili," shemeji akasema. "Nikajua mageti mawili. Akaonyesha juu, nikajua ndio urefu wa geti. Akaonyesha hapa chini, magotini, nikajua komeo."

"Na pale alipotikisa kichwa?"

"Nilidhani ni koo linamsumbua."

Mkewe Honi akageukia ukuta ili asionekane anacheka.

"Na haya maandishi?" mwalimu akauliza taratibu.

Shemeji akatazama vidole vya miguu yake.

"Herufi nazijua chache," akasema. "Kusoma sijui."

Honi akakaa chini juu ya bomba la chuma. Walikuwa wamefanya kazi pamoja miaka sita. Kila alipompa karatasi, shemeji alisema amesahau miwani nyumbani. Kumbe Honi hakuwahi kujiuliza kwa nini hajamwona na miwani hata siku moja. Aliona haya. Na ajabu ni kwamba hakumwonea haya shemeji. Alijionea haya mwenyewe.

"Kwa nini ulisema umeelewa?" mkewe akamuuliza mdogo wake.

"Dada, mumeo akiuliza, huwa hangoji jibu."

Mwalimu akavuta kigoda, akakaa.

"Nyote mna haki, na nyote mmekosea," alisema. "Wanafunzi wangu wanazungumza kwa mikono. Lakini ile ni lugha kamili. Ina maneno yake na kanuni zake, na watu hujifunza. Wewe, Honi, ulikuwa unafukuza nzi."

Hata Honi akacheka, bila sauti.

"Basi asiyeweza kusema atamwelezaje asiyejua kusoma?" msimamizi akauliza.

"Zamani sana hakukuwa na maandishi kabisa," mwalimu akasema. "Watu walitumia sauti, uso na mikono. Lakini neno likishatamkwa, linapotea hewani. Mtu wa mbali halisikii, na wa kesho halikuti. Ndipo wakachora wanyama kwenye miamba. Wengine wakapiga ngoma habari zisafiri kijiji hadi kijiji. Wengine wakawasha moto vilimani. Baadaye picha zikafupishwa zikawa alama, na miaka ikapita hadi tukapata herufi. Zikaja mashine za kuchapa vitabu, kisha waya, redio na simu."

"Basi simu ndiyo bora kuliko zote," mkewe Honi akasema.

"Simu ina mbio tu. Ukituma upuuzi, upuuzi utawahi kufika." Mwalimu akaokota chaki, akampa Honi. "Hakuna njia iliyo bora kwa kila mtu. Chagua ile ambayo mwenzako anaielewa. Na ukishasema, usiulize 'umeelewa?' Kila mtu atajibu ndiyo. Mwambie akurudishie ujumbe kwa maneno yake. Asipourudisha, ujumbe bado uko mkononi mwako."

Honi akainama, akachora geti sakafuni. Akachora milango miwili, komeo juu, na mtoto mfupi anayenyoosha mkono bila kulifikia. Kisha akamnyooshea shemeji kiganja. Sema wewe.

"Geti moja," shemeji akasema. "Lina milango miwili. Komeo juu, mtoto asifike." Akasita. "Lakini shemeji, hapa umechora linafungukia nje. Nje ni barabarani. Si lori litalibeba?"

Honi akatazama mchoro. Ni kweli. Hata angekuwa na sauti, asingeliona hilo. Akafuta kwa kiganja, akachora upya, likafungukia ndani. Kisha akamshika shemeji mkono kwa nguvu.

Hawakutupa kitu. Yale mageti mawili wakayafanya milango miwili ya geti moja. Wakahamisha makomeo, wakageuza bawaba. Walipolifunga shuleni, kile kijukuu kikaruka mara kadhaa, kikashindwa.

"Limeharibika!" kikalalamika.

"Alhamdulillahi," msimamizi akasema.

Sauti ya Honi ilirudi. Ilirudi kubwa vilevile, lakini sasa akitoa kazi, anamaliza kwa kusema, "Haya, nirudishie." Kisha ananyamaza kweli, anangoja. Shemeji naye alijiandikisha darasa la watu wazima, na mwalimu jirani akawa anamsaidia jioni.

Siku moja mchana, Honi alikuwa anamsimulia mteja habari ndefu, na mtaa mzima ukimsikia. Simu yake ikatetemeka mfukoni. Ulikuwa ujumbe wa shemeji, aliyekuwa amekaa kwenye kona ya karakana hiyo hiyo na kitabu chake. Ulikuwa ujumbe wa kwanza aliouandika maishani mwake.

"SHEMEJI PUNGUZA SAUTI. NINASOMA."

Honi akausoma mara mbili. Macho yakamlowa kidogo. Kisha akaandika jibu, polepole, kwa kidole kimoja:

"Nimekupata. Nipunguze sauti, kwa sababu unasoma."