Chakula cha Mama Bora

Kila Jumamosi asubuhi, Hidaya alikuwa na kazi ya kushika beseni. Baba yake, Kassimu, alikuwa mchinjaji mjini Gitega, na uani kwao hapakukosa mbuzi. Akishamchuna mbuzi na kumpasua tumbo, Kassimu alinyamaza kabisa. Aliingiza kisu kidogo chini ya ini, akakitoa taratibu kifuko cha kijani kilichojaa maji.

"Unaiona nyongo hii?" alisema, kana kwamba hakusema hivyo Jumamosi iliyopita. "Ikipasuka, nyama inakuwa chungu. Utaiosha mpaka Idi nyingine, uchungu hautoki."

Siku moja alirudi kutoka machinjioni na kijiwe cha manjano alichokikuta ndani ya nyongo ya ng'ombe mzee. Walikigeuza kiganjani, wakashangaa, kisha Kassimu akakitupa mtaroni. Ng'ombe alikuwa ameshauzwa kilo kwa kilo. Nani angeuliza alikuwa anaumwa wapi?

Mama yake Hidaya aliitwa Amisa. Alikuwa mwanamke wa kucheka, mpaka majirani wakajua yuko nyumbani kwa kusikia kicheko chake tu. Rafiki yake wa chanda na pete alikuwa Monique, Mkongomani wa Kivu aliyeuza vitenge sokoni, ambaye kila mtu alimwita Mama Bora. Mmoja alifuata msikiti, mwingine kanisa, lakini chumvi walikopeshana bila kuhesabiana. Bora, binti yake Monique, alikaa dawati moja na Hidaya.

Siku ya Idi, baada ya kula pilau, Hidaya alimkuta mama yake chumbani amejikunja, mkono umebana mbavu za kulia. Jasho lilimtoka usoni.

"Mama! Nimwite baba?"

"Thubutu!" Amisa alisema kwa shida. "Maumivu haya yanakuja na kuondoka, nimeyazoea. Baba yako akijua atanipeleka hospitali, na kule watanipasua. Mimi kisu sikitaki, mwanangu. Apa hutasema."

Hidaya aliapa. Maumivu yalikwisha kabla ya magharibi, na Amisa akatoka uani akicheka kama kawaida. Yalirudi tena siku nyingine alipokula sambusa, na tena Hidaya akanyamaza. Alidhani anamtunza mama yake.

Miezi ikapita. Bora akapata komunio ya kwanza kanisani, na Monique akawaalika Amisa na Hidaya kwake. Palikuwa na wali, ndizi za kukaanga, sombe, kile kisamvu cha mawese, na nyama iliyoelea mafuta.

"Kula bila wasiwasi, Mama Hidaya," alisema Monique. "Hii nyama imetoka kwa bwana yako mwenyewe. Yeye amechinja, mi nimepika tu."

Kisha akachota kijiko, akaonja kwanza mbele yao, kama ilivyo desturi ya Burundi, ili mgeni ajue chakula ni salama. Amisa, Hidaya na Bora wakala sahani moja. Amisa alisifu mpaka Monique akaona haya.

Jioni ile maumivu yalimkamata Amisa kuliko siku zote. Alitapika, akalia, akaita jina la mama yake aliyekufa zamani. Shangazi Pili, dada yake Kassimu, aliingia mbio na swali moja tu.

"Amekula wapi leo?"

"Kwa Mama Bora," akajibu Kassimu.

"Basi! Sumu hiyo! Nilisema mimi, urafiki ule umezidi."

"Mwacheni Monique," Amisa alinong'ona. "Hana kosa."

"Unasikia?" Pili akasema. "Ndiyo sumu yenyewe. Inamfanya mtu amtetee aliyempa!"

Hidaya alisimama mlangoni. Alijua. Alikula sahani ileile, na hakuumwa hata kidogo. Alikumbuka Idi, alikumbuka sambusa. Lakini alikumbuka pia kiapo, na macho ya mama yake yalimwomba anyamaze. Akafunga mdomo.

Wakampeleka Amisa kwa mtapishaji, mtu wa mlimani aliyejulikana kwa kutoa sumu. Akamnywesha maji machungu, Amisa akatapika mpaka akalegea, na yule mtu akawaonyesha vinywele ndani ya matapishi. "Hii hapa," alisema. Kesho yake maumivu yalitulia. Mtaa mzima ukaamini. Ulimi hauna mfupa, na siku zile ndimi za Gitega zilifanya kazi bila mapumziko. Sokoni hakuna aliyegusa kitenge cha Monique. Mawe yalianza kuanguka juu ya bati lake.

Alikuja mlangoni kwa Kassimu akilia. "Baba Hidaya, tazama macho yangu. Amisa iko ndugu yangu. Nimupe sumu kwa sababu gani?"

Kassimu alimfungia mlango.

Shuleni, Bora alikusanya vitu vyake. Walikuwa wanahamia Muyinga, ambako mjomba wake Zihalirwa alikuwa akipakua malori ya mpakani Kobero. Alimtazama Hidaya kwa muda mrefu.

"Hidaya, we ulikula na mi sahani moja."

Hidaya aliinamisha kichwa, akasoma daftari ambalo halikuwa na kitu. Alipoinua uso, dawati lilikuwa tupu.

Haikuchukua muda. Asubuhi moja Amisa alikula chapati mbili na mayai ya kukaanga, jikoni kwake, alivyovipika kwa mikono yake. Maumivu yakaja, na safari hii hayakuondoka. Homa ikapanda. Macho yake yakageuka manjano.

"Sumu imebaki ndani," akasema Pili, akitafuta mtandio wake. "Turudi kwa mtapishaji."

"Hapana!" Hidaya alipiga kelele, na watu wote wakageuka. "Si sumu! Mama aliumwa hivi tangu Idi, kabla hatujakwenda kwa Mama Bora. Aliniapisha nisiseme. Baba, nakuomba, hospitali!"

Kassimu alimtazama mkewe. Amisa alifumba macho, akatikisa kichwa kukubali.

Hospitali walimpima kwa ekografi, kile chombo kinachoonyesha ndani ya tumbo bila kisu. Daktari Salama, mwanamke mwenye sauti ya upole, alimwonyesha Kassimu picha.

"Hiki ni kifuko cha nyongo, chini ya ini. Na hivi ni vijiwe."

Kassimu akaketi. "Kifuko hiki nakijua," alisema polepole. "Nakitoa kila Jumamosi."

"Basi utanielewa upesi. Ini hutengeneza nyongo, kifuko huihifadhi. Tukila mafuta, kifuko hujikamua, nyongo ikashuka kwenye utumbo kusaidia kuyasaga. Wakati mwingine nyongo huganda, ikawa vijiwe. Wengine huishi navyo wasijue. Lakini kijiwe kikiziba njia, mtu huumwa chini ya mbavu za kulia, mpaka mgongoni na begani, hasa akila mafuta mengi."

"Kwa hiyo chakula cha Mama Bora..."

"Hakikuwa na kosa. Kiliamsha kilichokuwa kimelala."

"Lakini alipotapishwa alipona!"

"Kijiwe kilirudi nyuma chenyewe, kama siku za mwanzo. Mngemleta wakati ule, tungekitoa kifuko chote. Mtu huishi vizuri bila kifuko hiki, nyongo hutiririka moja kwa moja kutoka kwenye ini. Sasa njia imeziba, kuna usaha, na sumu ya usaha huo imeingia kwenye damu. Tutampa dawa na kumpasua leo, lakini sitakudanganya. Mmechelewa."

Kitanda cha pili alilala bibi mmoja wa Giheta. Naye alikuwa na vijiwe, lakini alikuja mapema, mjukuu wake alipomwona anashika mbavu. Alipasuliwa wiki ileile. Hidaya alimwona akishuka kitandani, akivaa viatu, akiagana na wauguzi huku akitania. Hidaya alitamani kumchukia yule bibi, akashindwa.

Baada ya kupasuliwa, Amisa alizinduka mara moja tu. Alimshika Hidaya mkono.

"Nilikuapisha vibaya, mwanangu. Kosa langu hilo, usilibebe." Akamgeukia mumewe. "Nenda kwa Monique. Mwambie nilikula vizuri kwake."

Hakuona jua la kesho.

Matanga yalipokwisha, Kassimu na Hidaya walipanda basi kwenda Muyinga. Walielekezwa chumba kimoja nyuma ya soko. Monique alikuwa nje, anapika maharage kwenye mbabula, lile jiko la makaa. Alipowaona akasimama. Hakusema karibu.

"Bora, ingia ndani," alisema. Kisha, kwa Kassimu, "Umefuata nini? Gitega haikutosha? Na Mama Hidaya iko wapi? Amekutuma?"

Hidaya ndiye aliyesema.

"Mama amefariki."

Mwiko ulimwanguka Monique. Alikaa chini, mavumbini, akashika kichwa. "Amisa! Amisa yangu! Na mi sikumuzika!" Alilia kuliko wote waliolia Gitega, na Kassimu alilia naye.

"Lilikuwa jiwe, Mama Bora," alisema alipoweza. "Jiwe la nyongo. Nimeshika nyongo maisha yangu yote, nikaogopa isipasuke juu ya nyama. Nikaipasua juu ya jina lako. Alisema nikwambie alikula vizuri kwako. Nisamehe."

"Jina langu mulilitupa kwa mbwa, Baba Hidaya. Nitaliokota wapi?"

"Ijumaa nitasimama msikitini, niwaambie wote. Kisha sokoni. Pili naye atasimama, ameshakubali."

Monique akaokota mwiko, akaukung'uta vumbi. Bora alikuwa amerudi mlangoni. Hidaya akamwendea.

"Nilijua si sumu," alisema. "Nikanyamaza."

"Mi nilikuwa nakungojea useme," Bora akajibu, machozi yakimtiririka.

Maharage yalichemka. Hakuna aliyeyaangalia, mpaka Hidaya akageuka.

"Mama Bora, nina njaa."

Monique alimtazama Kassimu. Kassimu akavua kofia, akanawa mikono, akaketi kwenye mkeka. Monique akapakua. Akachota kijiko ili aonje kwanza. Kassimu akanyoosha mkono, akakizuia kijiko.

"Usionje, Mama Bora. Mimi usinionjee tena."

Akasema Bismillahi, akala yeye wa kwanza. Monique akajifuta uso kwa kitenge chake, akawageukia watoto.

"Musikie, wanangu. Ugonjwa ukifichwa unakuwa mkubwa, halafu unatafuta mtu wa kubebeshwa. Mwili ukiuma, nendeni kwa daktari mapema, musingoje. Na mutu akikuapisha ufiche maumivu yake, hicho si kiapo cha kushika, sema. Na kitu usichokijua, usikipe jina la mwenzako."

"Amina," alisema Kassimu, chakula kikiwa mdomoni.

Bora alileta sahani moja, akaiweka katikati yake na Hidaya. Wakala, kila mmoja upande wake, na upande wa tatu wa sahani, ambao siku ile ulikuwa wa Amisa, haukuguswa.