Paka wa Ernestina na Unga wa Kuku

Respicius alirudi nyumbani saa kumi na moja jioni, kila siku ya kazi. Alifanya kazi kiwandani Jacobs, mjini Durban, Afrika Kusini. Alipanga chumba cha uani huko Clairwood, nyuma ya ghala la malori. Akifika alivua buti mlangoni. Aliwasha jiko la umeme, akapika ugali. Akala, akaosha sufuria, akakaa. Kupika hakukumshinda. Kilichomshinda ni kule kukaa.

Maana mkewe hakuwepo. Mwezi wa pili mwaka 1998 Ernestina alikwenda kwao Bukoba, Tanzania. Mama yake alikuwa ameanguka na kuvunjika nyonga, na nyumbani hapakuwa na mtu wa kumwinua kitandani. Respicius na Ernestina walikuwa na miaka minne ya ndoa. Mtoto walikuwa hawajapata. Walikuwa na paka.

Paka huyo alikuwa jike, mweusi, mwenye kifua cheupe. Kwa hiyo Ernestina alimwita Sista, kama masista wa parokia ya kwao.

"Nitunzie Sista," Ernestina alisema siku ya safari. "Nikirudi nimkute."

"Utamkuta," alijibu Respicius.

Alitaka kuongeza neno jingine, lakini dereva wa basi alikuwa anapiga honi.

Wiki ya kwanza Sista alikaa mlangoni. Respicius alimwekea ugali na mchuzi. Paka alinusa, akageuza uso. Siku ya pili vilevile. Usiku alipanda kitandani upande wa Ernestina akalala hapo, na Respicius hakuwa na moyo wa kumfukuza.

"Unamkumbuka mama yako," alimwambia paka. "Najua."

Mtu mzima, mwenye ndevu, anaongea na paka! Lakini tusimcheke sana. Chumba kikiwa kimya, mtu huongea na aliyepo.

Kiwanda alichofanyia kazi kilitengeneza viungo vya unga, vile vinavyonyunyiziwa kwenye chipsi za pakiti ili ziwe na ladha ya kuku, au ya jibini, au ya nyama choma. Mfuko ukipasuka, msimamizi aliwaruhusu wafanyakazi kugawana. Jioni moja Respicius alirudi na mfuko wa kilo mbili. Mbele ulikuwa na picha ya kuku mnene wa kahawia. Alinyunyiza unga kidogo kwenye ugali wa Sista, akachanganya na maji ya moto.

Sista alinusa. Akalamba. Akala mpaka bakuli likang'aa.

Respicius alifurahi kana kwamba mgeni ameingia nyumbani. Tangu siku hiyo waliula unga huo wote wawili, yeye kwenye ugali wake, paka kwenye ugali wake.

Kila Jumapili ya pili alikwenda duka la simu na kupiga ofisi ya parokia Bukoba. Ernestina alikuwa anangoja hapo baada ya misa. Simu hizo zilikuwa na mpangilio wake. Respicius aliuliza hali ya mama mkwe. Aliuliza nyonga. Aliuliza mvua. Hakuuliza hata mara moja, "Unarudi lini?" Aliona si haki kumvuta mtu anayemuuguza mama yake.

"Sista hajambo?" aliuliza Ernestina.

"Hajambo. Anakula vizuri kabisa."

"Na wewe?"

"Sisi huku hatuna shida yoyote. Wewe kaa tu na mama."

Kisha alirudi nyumbani kwa miguu, taratibu, akiirudia moyoni sauti ya mkewe. Alijisikia vibaya sana njiani, na hakumwambia mtu.

Baada ya wiki kadhaa Sista alianza kutapika. Akaharisha. Kisha akaacha kupanda kitandani. Alilala sakafuni karibu na mlango, akihema haraka. Respicius akasema, "Hamu imemrudia." Akatoa kanga ya Ernestina sandukuni, akamtandikia. Na ili paka apate hamu ya kula, akamzidishia unga wa kuku. Kijiko kikawa vijiko viwili.

Jumapili ilipofika, Ernestina akauliza, "Sista hajambo?"

"Hajambo," alisema Respicius.

Chumba cha jirani alikaa Marie-Jeanne, mama wa Kikongo aliyesuka nywele saluni. Mwanawe aliitwa Cédric, kwa hiyo Respicius alimwita Mama Cédric. Asubuhi moja ya Jumamosi Marie-Jeanne alikuwa anafagia uani. Akamwona Sista anakojoa kwenye mchanga. Akaacha ufagio.

"Papa Respicius! Kuya hapa! Angalia mukojo ya huyu paka. Iko sawa chai ya rangi!"

Respicius akatazama. Mkojo ulikuwa wa kahawia.

"Ni mawazo, Mama Cédric," alisema. "Tangu mama yake aondoke hayuko sawa. Anamlilia Tina."

Marie-Jeanne akamtazama juu mpaka chini. "Mawazo? Mimi nilifiwa na bwana, nililia mwaka muzima. Mukojo yangu haikukuwa chai. Eish! Paka anagonjwa, papa. Mupeleke kwa Pontien, leo leo. Na beba chakula chake, waone kile anakulaka."

Pontien alikuwa mtu wa Uvira, Kongo, na katika Kiswahili chake "ndiyo" ilikuwa "njo" na "kwa sababu" ilikuwa "juu". Huko kwao aliwatibu ng'ombe na mbuzi kwa miaka kumi. Durban hakuwa na karatasi za kumruhusu kutibu, kwa hiyo alifanya usafi katika kliniki ya hisani ya wanyama, upande wa Bluff. Respicius alimtia Sista kwenye boksi la viatu vya kazi, akalitoboa matundu, akapanda taxi. Boksi lilikuwa jepesi mno mapajani mwake. Alikumbuka alivyomwambia mkewe, "Utamkuta."

Pontien aliwapokea akiwa na ndoo mkononi.

"Daktari, nisaidie," alisema Respicius.

"Hapa mimi si daktari, ndugu yangu. Mimi ni wa kufagia. Daktari ni ule mama pale. Lakini ngoja niangalie."

Aliweka ndoo chini. Akamshika Sista kwa upole, kama mtu anayeshika kitu alichokipoteza siku nyingi. Akainua mdomo wa juu wa paka.

"Angalia ufizi. Inapaswa kuwa ya pinki, sawa ya mutoto. Hii iko nyeupe. Damu yake imepunguka."

"Nilidhani ni hamu. Mke wangu amesafiri."

"Hamu ni kweli," alisema Pontien. "Paka anaweza kupunguza kula siku moja juu mwenyewe ameenda. Lakini hamu haigeuzi ufizi kuwa nyeupe. Hamu haigeuzi mukojo. Unamupatia nini ya kula?"

Respicius akatoa mfuko. Akauweka mezani, picha ya kuku juu. "Ugali. Na huu unga wa kuku. Anaupenda sana."

Pontien hakuugusa. "Geuza nyuma," alisema. "Soma ile maandishi ya kidogo. Soma kwa sauti."

Respicius aligeuza mfuko. Wiki zote hizo hakuwahi kuugeuza. Yeye, mtu wa Bukoba! Watani wa Wahaya, wenyeji wa Bukoba, huwaita "nshomile", yaani watu wa kujisifia kusoma. Sasa alisoma polepole kwa kidole, neno moja moja, akilitafsiri kwa Kiswahili.

"Chumvi. Unga wa kitunguu. Sukari. Unga wa kitunguu saumu. Kikoleza ladha. Rangi."

Akainua macho.

"Endelea," alisema Pontien. "Kuku iko wapi?"

Respicius akasoma tena kutoka juu. Akafika mwisho. "Kuku hakuna."

"Voilà. Iko picha ya kuku na harufu ya kuku. Kuku mwenyewe haiko."

Daktari alikuja, mama wa Kihindi mwenye miwani. Alipima, akatoa damu kidogo, akaongea na Pontien kwa Kiingereza. Kisha akambeba Sista kwenda chumba cha ndani. Pontien akamketisha Respicius kwenye benchi.

"Sikiliza vizuri," alisema. "Kwa sisi watu, kitunguu ni kiungo. Kwa paka ni sumu. Kitunguu na kitunguu saumu vinaharibu chembe nyekundu za damu yake. Zile chembe njo zinabeba hewa mwilini. Zikipasuka, paka anachoka, anahema mbio, ufizi unapauka. Na rangi ya zile zimepasuka inatokea kwenye mukojo. Njo ile chai uliona."

"Lakini mimi nakula unga huohuo. Mbona sijaugua?"

"Mwili yako na yake si moja. Na wewe uko mukubwa. Yeye ana kilo tatu tu. Kila siku kidogo, kila siku kidogo, mwisho inajaa."

"Kikipikwa je?"

"Kibichi, kimepikwa, kimekaushwa, yote ni sumu. Unga ni mubaya zaidi, juu vitunguu vingi vinaingia kwenye kijiko kimoja. Hata zile kyubu za mchuzi zinakuwaka na kitunguu ndani, na chumvi mingi. Usimupatie."

"Na maziwa? Nilimpa maziwa alipoanza kuharisha."

Pontien akatikisa kichwa. "Paka mingi wakikomaa, tumbo yao haiwezi maziwa. Inaongeza kuhara. Maji safi inatosha."

"Basi ale nini? Ugali mtupu hataki."

"Na iko na haki ya kukataa! Paka ni mula nyama. Kuku wa kuchemsha, samaki bila miiba, kipande ya maini siku moja moja. Bila chumvi, bila kiungo. Ao chakula ya paka ya dukani, lakini soma nyuma kwanza. Na kitu ingine: paka akikataa chakula siku mbili, usingoje. Ini yake inaharibika. Mulete."

"Atapona?"

Pontien hakumdanganya. "Sijui. Leo na kesho njo zitatuambia. Mwenyewe alimupatiaka nini, mama wa nyumba?"

Respicius akautazama mfuko mezani. Hakujua. Miaka minne paka alikula nyumbani mwake, na yeye hakujua nani alimpa nini.

Jioni hiyo haikuwa Jumapili, na ofisi ya parokia ilikuwa imefungwa. Kesho yake, kabla hata hajapitia kliniki, alikuwa duka la simu. Ilibidi angoje misa iishe Bukoba. Aliposikia sauti ya mkewe hakuuliza nyonga wala mvua.

"Tina, nilikudanganya. Sista ni mgonjwa sana. Ni mimi niliyekuwa namuua kidogo kidogo."

Akamweleza yote. Kisha Ernestina akalia, na Respicius akasimama na simu sikioni.

"Nshomile mzima," alisema Ernestina mwishowe, akivuta kamasi. "Hukugeuza mfuko?"

"Sikugeuza."

"Mimi nilikuwa namtengea mapema. Nikileta samaki, kichwa nakichemsha pembeni kabla sijakata kitunguu. Natoa miiba kwa vidole, napoza, ndiyo nampa. Hukuwahi kuniona?"

"Nilikuwa sebuleni nasikiliza redio," alisema Respicius. Kwa kweli sebule hawakuwa nayo. Ilikuwa chumba kimoja, na jiko lilikuwa hatua tatu kutoka kwenye kiti chake.

Sista alikaa kliniki siku nne. Walimtilia maji kwa mshipa. Siku mbili za kwanza hakuinua kichwa. Siku ya tatu alilamba maji ya kuku kutoka kwenye kidole cha Pontien, na Pontien akampigia simu Marie-Jeanne saluni ili ujumbe umfikie Respicius. Siku ya nne alirudi nyumbani, dhaifu lakini mwenye macho maangavu.

Mfuko wa unga Respicius aliutupa kwenye pipa la taka. Kisha akaenda sokoni kununua vichwa vya samaki. Alichemsha pembeni, bila chumvi. Akatoa miiba kwa vidole. Kazi hiyo ilimchukua muda mrefu, na samaki akamkwama kwenye kucha. Alimfikiria Ernestina akifanya hivyo kila jioni, amempa mgongo, na yeye amekaa pale. Alitamani arudishiwe jioni moja tu ili ageuze kiti.

Kiwandani aliwaambia wenzake. Wawili walikuwa na paka na walikuwa wanawapa unga uleule. Mmoja alicheka. Mwingine alirudi kwao mbio siku hiyohiyo.

Baada ya wiki tatu ufizi wa Sista ulikuwa umerudia rangi ya pinki. Alipanda kitandani mwenyewe, kwa kuruka. Alikula, akajilamba, akatoka kuzurura na paka wa uani kwa Marie-Jeanne, bila habari na mtu. Respicius alimtazama kutoka mlangoni. Paka alikuwa mzima kabisa. Hakuwa anamlilia mtu yeyote.

Jumapili alipiga simu.

"Sista hajambo?" aliuliza Ernestina.

"Hajambo kweli. Safari hii sikudanganyi. Amepona ufizi, amepona tumbo. Anaruka."

"Mungu ni mwema."

"Tina," alisema Respicius. Watu wawili walikuwa wanangoja simu nyuma yake, lakini hakupunguza sauti. "Kumbe si yeye aliyekuwa na hamu. Ni mimi. Sili vizuri. Silali vizuri. Nilikuwa namsingizia paka. Unarudi lini?"

Simu ilikoroma kidogo.

"Dada yangu amehamia kwa mama tangu Pasaka," alisema Ernestina taratibu. "Mama anatembea kwa fimbo. Anakwenda mpaka misani."

"Tangu Pasaka? Mbona hukuniambia?"

"Ningekuambiaje? Kila nikipokea simu unasema huku hatuna shida, wewe kaa tu na mama. Nikajua mwenzangu ameshazoea kukaa peke yake. Nimekuwa nangoja uniulize, Respicius. Kila ukipiga nangoja."

"Sijazoea," alisema. "Hata siku moja."

"Jumatano kuna basi," alisema Ernestina. "Nitapanda hilo."