Karafuu Changa za Wawi

Jumamosi, saa moja na dakika ishirini asubuhi, Mzee Nasor alifunua jamvi uani kwake Wawi akakuta karafuu changa tupu, kijani kibichi, zimechumwa kabla ya wakati wake. Akawapigia simu polisi Chake Chake.

"Hujuma hii! Ghassan huyo!"

Koplo Rawya alifika saa mbili, amenuna kwa kukatiziwa chai. Dakika arubaini zikapotea bure: Ghassan, jirani anayegombea naye mpaka, yuko mazikoni Msuka tangu Alkhamisi. Rawya alichukia. Kwa nini kila kesi lazima ianzie mpakani?

"Jana alichuma nani?"

"Jaribu peke yake. Miaka kumi hajaniharibia hata tawi."

Jaribu akaitwa. Alikuja na ndara moja. Mguu wa pili mtupu, kisigino kinavuja damu, naye hana habari.

"Nani kakutuma uchume changa?" Rawya aliuliza.

"Wallahi, Koplo, miye n'chuma nyekundu tupu."

Rawya alikata vishada viwili mtini, kimoja chekundu, kimoja kijani.

"Nipe chekundu."

Jaribu alivisogeza puani, akavigeuza, akampa cha kijani. Rawya alimtazama macho, kisha kisigino kile kinachovuja damu.

"Unatumia dawa gani?"

Kwa shingo upande, Jaribu akatoa kadi mfukoni. Kifua kikuu sugu. Vidonge vya antibiotiki kila siku, mwezi wa tano. Kila mwezi pameandikwa: *Macho hayaumi.*

Rawya alipiga namba iliyo kwenye kadi. Muuguzi Wafa alisikiliza, kisha sauti ikampungua. "Kidonge kimoja kati ya hivyo kikitumika muda mrefu huharibu mishipa ya fahamu ya macho na ya miguu. Mleteni sasa hivi, kabla hajameza cha leo. Tukiwahi, macho huenda yakarudi."

Rawya alitamani kuitupa simu. Akamgeukia Jaribu. "Miezi mitano! Mbona hukusema?"

"Kliniki huniuliza, yauma? Hayaumi. Yamefifia tu." Jaribu aliinamisha kichwa. "Na ningesema, wangenikatia dawa. Nyumbani n'na kitoto kichanga, n'kikoholee? Na Mzee Nasor angenipandisha mti tena?"

"Ungeanguka, mjinga weye!" Nasor alifoka, machozi yakimlenga. Alivua ndara zake, akapiga magoti, akamvisha, akazikaza vizuri.

Jaribu alikuwa bado amesimama, akingoja.

"Ushanivisha, Mzee?"