Ukuta Mmoja tu, Luhende

"Ukuta mmoja tu, Luhende. Sikuombi nyumba nzima."

"Hapana."

"Hata huu wa mlangoni?"

"Huo ndio kabisa."

Hajra akamsogezea simu mpaka puani. Kwenye kioo kulikuwa na sebule ya mtu wa mbali asiyemjua, ukuta mwekundu wa kuiva, na katikati yake limepita pindo la maua ya korosho, yale yale ya kwenye kanga, njano na nyeusi, kila moja kubwa kama sinia.

"Nitachora hivi, ila kwa mkono wangu. Stensili ya maua nimeshakata kwenye boksi la sabuni. Rangi ya oksaidi nyekundu ninayo, imebaki kwenye kazi ya saluni. Wewe kazi yako ni kusema ndiyo."

Luhende akatazama ng'ombe badala ya simu. Nyumba yake ya vyumba viwili pale Kiegei ilikuwa imesimama nyuma yao: matofali ya kuchoma, bati jipya, mlango wa mninga. Rangi, hakuna hata tone.

"Unajua baba alichosema," Hajra akashusha sauti.

"Najua. Ameshanitumia watu watatu waniambie."

Mzee Mikidadi, baba yake Hajra, mkulima wa korosho na mbaazi, hakusema kwamba hampi Msukuma binti yake. Angesema hivyo wangemsema msikitini. Alisema kwa adabu, na adabu ya namna hiyo inachoma kuliko tusi: "Mtu anayekusudia kukaa hupaka rangi nyumba yake. Hawa wapita njia, matofali yao yako uchi. Siku nikiona rangi, alete mshenga." Dini haikuwa neno, Luhende alishaanza kusoma kwa shehe wa pale Kiegei. Ilibaki rangi. Na binti anayeombewa rangi ndiye fundi rangi mwenyewe, anayeitwa kila saluni na kila chekechea ya Nachingwea mjini.

"Kwa hiyo tatizo nini? Hunitaki?"

"Usiseme hivyo, Hajra."

"Niseme vipi? Ndoo ya rangi imekushinda, mimi utaniweza?"

Luhende akainama. Akachora chini kwa fimbo, akafuta kwa kandambili.

"Baba yangu hataki," alisema mwisho.

"Kwa nini?"

"Hataki tu."

Hajra akazima simu, akaitia mfukoni.

"Basi kaa na baba yako."

Akapanda bodaboda bila kugeuka. Angegeuka angemwona Luhende amesimama pale pale, ng'ombe wameshaondoka bila yeye.

*

Mvua zilinyesha, posa ikaja. Ramadhan, msimamizi wa ghala la korosho kule Ruangwa, kijana mwenye pikipiki mbili na meno meupe, alileta wazee wenye kanzu zilizopigwa pasi. Mzee Mikidadi akawaambia jibu watalipata baada ya Idi. Ramadhan hakutaka kungoja bure, akampa Hajra kazi ya kupaka nyumba yake mpya. "Ili uizoee," alisema.

"Kijivu," akamwelekeza.

"Chumba gani?"

"Vyote."

"Na sebule?"

"Sebule pia. Nyumba za Dar siku hizi zote kijivu."

"Wewe unaishi Ruangwa, kaka Ramadhan. Vumbi letu jekundu. Weka hata pindo la korosho pale juu ya kochi, nyumba ichangamke."

"Korosho nashinda nazo ghalani kutwa nzima, nirudi nyumbani nizikute ukutani?"

Hajra akacheka, kwa sababu ilichekesha. Ramadhan hakuwa mtu mbaya. Hilo ndilo lilimfanya Hajra ashindwe hata kumchukia vizuri.

Akapaka. Chumba cha kwanza kijivu, cha pili kijivu. Kila alipomaliza ukuta alichora ua moja kwa kidole kwenye rangi mbichi, akalitazama, kisha akapitisha rola juu yake. Kwenye simu alikuwa amehifadhi picha za nyumba za watu: jikoni ya bluu nzito yenye michirizi ya mkeka, varanda ya njano iliyozungushiwa nyota. Zamani alizitazama kutafuta kazi. Sasa alizitazama akiweka humo watu wawili. Huyu anavua viatu mlangoni. Huyu anauliza chai iko wapi.

Simu ikalia mlio wa ujumbe. Luhende alikuwa akichaji simu dukani mara moja moja, kwa hiyo maneno yake yalifika kwa mafungu.

"Mvua imenyesha Kiegei. Nimekaa ndani nasikiliza bati."

Na tena: "Yule ng'ombe mwekundu kazaa. Ndama ana doa kama korosho usoni. Nikaona ungecheka."

Hajra alicheka kweli, peke yake, katikati ya kijivu cha mwanaume mwingine. Kisha akakaa chini juu ya magazeti, na hakuinuka mpaka rola ikakauka mkononi ikawa haifai tena.

Akaandika: "Umepaka?"

"Bado."

"Basi usiniletee habari za ndama."

Ujumbe ulikaa bila kujibiwa siku hiyo, na kesho yake, na keshokutwa. Hajra akagundua kwamba habari za ndama ndizo alizokuwa akizingoja.

*

Mwezi wa Ramadhani ulipokaribia mwisho, Hajra akachukua gari kutoka Ruangwa mpaka Nachingwea, na bodaboda mpaka Kiegei, saa ambayo alijua Luhende yuko malishoni. Alimkuta Mzee Kashinje, baba yake Luhende, ameketi mlangoni anasokota kamba.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Luhende yuko kwa ng'ombe."

"Sikumfuata Luhende. Nimekufuata wewe."

"Mimi? Binti, mimi nimeshazeeka, utapata hasara."

Hajra hakucheka. Akapiga magoti, mkoba wa brashi na rangi begani.

"Baba, rangi imekukosea nini?"

Kashinje akasokota kidogo, akaacha kusokota.

"Hajakuambia?"

"Anasema hutaki tu."

"Huko tulikokuwa kabla ya huku nilikuwa na nyumba. Mama yake Luhende akataka bluu. Tukachukua bluu ya kufulia, tukachanganya na chokaa. Pale mlangoni akachora mwenyewe, kwa mkono, nakshi za kibuyu chake cha maziwa. Nyumba ilionekana tangu barabara kuu. Mgeni alielekezwa hivyo: nenda mpaka kwenye bluu." Akakaza kamba. "Na wenye greda walielekezwa hivyo hivyo."

Hajra akaweka mkoba chini.

"Walisema wafugaji wote watoke. Tukatoka. Ng'ombe walikufa njiani, sikulia. Mama yake hakufika huku. Lakini ile nyumba... Ingekuwa udongo mtupu ningesema ni udongo. Mimi niliona bluu inatoka kwenye vumbi. Nikaapa. Barabara haitaona rangi kwangu tena."

"Na Luhende?"

"Alikuwa mdogo. Alishika mkia wa ndama, anatazama. Leo ni mwanaume, utamtaka aseme anaogopa greda?"

Wapo wanaopenda kuuliza, tena kwa kicheko, kwa nini wafugaji wakijenga hawamalizii. Wanauliza wakiwa wameketi kwenye varanda za baba zao. Hawajawahi kuuliza ni nani aliyewafundisha kutomalizia.

Hajra aliutazama ukuta ule aliokuwa ameutukana mwaka mzima. Akaona aibu, kisha akaona kitu kingine.

"Baba, ulisema barabara."

"Nilisema."

"Ndani barabara haiingii."

Kashinje akageuza shingo. Akaitazama nyumba ya mwanawe kwa muda mrefu, kama mtu anayekagua ng'ombe kabla ya kununua.

"Ndani sikusema kitu," alisema taratibu. Akainuka kwa kushika goti. "Kibuyu chake ninacho. Ngoja nikuletee, uone nakshi zilikaaje."

*

Luhende aliporudi alikuta mlango wazi, baba yake ameketi kizingitini na kamba yake, na harufu ya rangi imejaa mpaka uani. Hajra alikuwa juu ya stuli, uso una matone mekundu, midomo imekauka kwa saumu.

"Nani kakuruhusu?"

"Baba yako. Shika brashi."

"Hajra..."

"Ungeniambia habari ya greda."

"Nikuambie nini? Kwamba mwanaume mzima naogopa ukuta?"

"Ndiyo. Hivyo hivyo. Mimi nilidhani unaniogopa mimi."

Luhende akashika brashi kama anayeshika nyoka.

"Nimeandika ujumbe mwingi," alisema. "Nikafuta."

"Uliandika nini?"

"Habari za ndama."

Hajra akageuzia uso ukutani haraka, akanyoosha kamba ya kupimia.

"Shika hapa. Ivute. Usinitazame mimi, mstari utapinda."

"Hujasimama karibu hivi tangu kabla ya mvua."

"Ndiyo maana nakuambia ivute. Nami najizuia nisikutazame."

"Nasikia yote," akasema Kashinje kutoka kizingitini. "Pakeni."

Walipaka mpaka adhana ya magharibi, na siku zilizofuata wakaendelea. Kashinje hakutoka mlangoni, na hakuingia. Siku moja tu alinyoosha fimbo: "Lile jino la tatu la nakshi ya kibuyu halikuwa hivyo. Lilikuwa nene." Hajra akalifuta, akalinenepesha.

*

Siku ya pili ya Idi, Mzee Mikidadi alikuwa ameshika simu ampigie Ramadhan.

"Baba, kabla hujapiga, twende Kiegei."

"Amepaka?"

"Twende uone."

Bibi Sabaha, mama yake Mikidadi, mzee wa miaka zaidi ya themanini, akasema naye anakwenda. Wakapanda bajaji watatu. Kufika, Mikidadi hakushuka. Aliangalia ukuta wa mbele: tofali, tofali, tofali. Luhende alikuwa amesimama pembeni na kofia mkononi, Kashinje nyuma yake.

"Nimeona," Mikidadi akasema. "Dereva, geuza."

"Mimi nina kiu," akasema Bibi Sabaha.

"Mama, nyumbani maji yapo."

"Kiu iko hapa."

Akashuka, akashikwa mkono na Hajra, wakaingia ndani. Dakika zikapita. Mikidadi akakohoa, akaita, hakuna aliyejibu. Akashuka kwa hasira, akavua viatu kwa mazoea tu, akaingia.

Akasimama.

Kuta zote nne zilikuwa nyekundu, si nyekundu ya aibu, nyekundu ya pilipili. Pindo la maua ya korosho lilizunguka sebule kwa usawa wa kifua, njano na nyeusi. Chini yake meno meupe ya nakshi ya mkeka. Na kuzunguka mlango wa chumbani, bluu ya kufulia, nakshi ambazo Mikidadi hakuzijua, zingine nene, zingine nyembamba. Bibi Sabaha ameketi kwenye mkeka, kiganja kiko ukutani juu ya yale meno meupe.

"Mama?"

"Nyumba ya mama yangu ilikuwa na haya," alisema. "Udongo mwekundu, na majivu kwa kidole. Nilikuwa mtoto. Zikaja trekta za karanga. Mzungu alitaka shamba, sisi tukawa magugu. Ikasukumwa mbele ya macho yetu."

"Habari hizo za zamani, mama."

"Za zamani kwako. Mimi niliziona. Tena karanga zenyewe hazikuota. Na wewe leo, mtoto wa watu waliosukumwa, unamwita mwenzako mpita njia."

Mikidadi akatazama chini. Alikuwa mbishi, si mwongo.

"Mimi nilisema rangi," akajitetea, sauti imepungua. "Rangi ya ndani nani ataiona?"

"Anayekaa," akajibu mama yake.

Kashinje alikuwa amefika kizingitini, pale pale alipokuwa akiishia siku zote. Mikidadi akamgeukia.

"Mzee mwenzangu, ng'ombe wako walikula mbaazi zangu. Sijasahau."

"Nami sijasahau. Zilikuwa nzuri, wale ng'ombe walinenepa."

Bibi Sabaha ndiye aliyecheka kwanza. Mikidadi alijizuia, akashindwa, akaketi chini kwenye mkeka kama mtu aliyekatwa miguu.

"Alete mshenga," alisema. "Na wewe, Hajra, Ramadhan utampigia mwenyewe. Aibu hiyo mimi siiwezi."

Hajra akapigia uani, mbele ya ndama mwenye doa.

"Kaka Ramadhan, nisamehe. Jibu ni hapana."

Ramadhan akauliza upande wa pili:

"Ni Msukuma yule?"

"Ndiye."

"Amekupa nini ambacho mimi sina?"

"Hajanipa kitu. Nimemkumbuka tu, mpaka nimechoka kukumbuka."

"Haya," alisema Ramadhan. "Kijivu umekipaka vizuri lakini."

"Weka hata mto mwekundu," Hajra akamwambia. Akasikia anavuta pua, kisha simu ikakatwa.

Kashinje hakuwa ameingia bado. Luhende akamwendea, akamshika mkono kama anavyoshikwa mtu mzima anayevuka maji. Mzee akavuka kizingiti, akaenda moja kwa moja kwenye mlango wa bluu, akasimama hapo amewapa wote mgongo.

Ndoa ilifungwa kabla ya ufuta kuvunwa. Wageni waliotoka Ruangwa walipita nyumba mara mbili, hawakuamini kwamba bibi harusi fundi rangi yuko ndani ya matofali yale. Waliovua viatu wakaingia walikaa mpaka wakafukuzwa.

Siku chache baadaye, Luhende alimkuta mkewe chumbani anachanganya njano kwenye ndoo.

"Jana sokoni walisema kuna operesheni nyingine ya kuhamisha wafugaji inakuja," alimwambia. "Hajra, wakija je?"

Hajra akachovya brashi, akaigonga kwenye ukingo wa ndoo, akaanza kona ya juu.

"Wakija watatukuta ndani," alisema. "Shika kamba."