Gari Lako Limefika

Saa 2:10 asubuhi.

Chumba cha nyuma cha duka la vipuri, mtaa wa Lemon Gaba. Mlango umefungwa. Lubega alichora kwa chaki sakafuni: Nesitu, halafu Rejaf, halafu mto. Alikuwa mkubwa wa wapiga debe wa stendi. Akisema, amesema.

Walitaka sanduku moja tu. Ndani yake vifaa sitini vya kufungwa kwenye mabasi madogo ya kampuni ya usafiri, vya kumwonyesha dereva njia na kumtafutia abiria bila mtu kuita. Lori lililovibeba kutoka mpakani Nimule lingesimama Nesitu saa nne, dereva anywe chai.

Fulgensio alisikiliza ameuma meno. Miaka minane alikaa kwenye redio ya kampuni hiyo, akigawa magari kwa mdomo wake. Sasa mashine inagawa. Imefungwa kwenye magari ishirini ya majaribio tu, na kiti chake kimeshatupwa nje. Lubega alimwahidi kwamba vifaa vikipotea kampuni itachoka, itarudia redio, naye atarudi kitini. Hilo tu ndilo alilolitaka. Mama yake, Teresina, alimwambia asubuhi hiyohiyo kwamba kazi haiibiwi ikarudi. Alivaa viatu akatoka.

Kisakye, dereva wao, aliuliza watarudije mjini. Darajani askari wanapekua kila pikapu.

"Tutaita gari la kampuni yenyewe," Lubega akasema, akimnyooshea Fulgensio kidole. "Hayo hawafungui. Fule ataita kwa simu, kama abiria."

Kisakye akacheka. Mwizi anaomba lifti kwa aliyemwibia.

Saa 4:05.

Nesitu. Dereva wa lori yuko kwenye chai. Lubega alimlaza utingo chini ya lori, bastola shingoni. Fulgensio akapanda juu kufungua turubai. Fundo likagoma. Akavuta, likakaza. Kucha ikang'oka. Lubega alimtukana taratibu, tusi moja moja, mpaka Kisakye akapanda na kisu. Sanduku likashuka. Pikapu ikaondoka na vumbi lake. Nyuma yao utingo alikuwa ameshainuka, simu sikioni.

Saa 4:50.

Rejaf, ukingo wa mto. Kisakye aliwashusha na sanduku lao, akasema anakwenda kuificha pikapu. Hakumtazama mtu usoni.

Fulgensio akaita gari. Simu ikajibu: dakika tatu.

"Unaona?" Lubega alisema. "Mashine yako ina akili kukushinda."

Saa 4:54.

Simu ikalia. Gari lako limefika.

Hakuna gari. Fulgensio akatazama barabara. Mbuzi wawili. Akabonyeza tena. Gari lako limefika. Akabonyeza kama anayeua kunguni. Lubega alimpigia Kisakye, simu imezimwa. Akapiga tena. Imezimwa.

Ndipo honi ikalia, mbali, kutoka juu ya maji.

Ng'ambo ya mto, basi dogo la njano. Dereva wake amesimama nje, anajikuna kichwa.

Fulgensio akaangalia ramani kwenye simu, akaelewa. Mashine ilipima kama ndege anavyoruka. Kwa barabara, mpaka gari lizunguke darajani, ni safari nzima. Rejaf iko pande zote mbili za mto, na kwenye redio hakuwahi kutuma gari huko kabla ya kuuliza kwanza: sharig wala garib? Mashariki au magharibi? Madereva walimtania kwa swali hilo, wakamwita Sharig-Garib. Leo kabonyeza tu. Hakujiuliza hata mwenyewe.

"Umeniuza," Lubega akasema.

"Ni mto, mkubwa. Mashine haiuoni mto."

"Kisakye kazima simu. Wewe unaita gari ng'ambo. Mimi iko mjinga?"

"Nilisahau kuuliza."

"Uliuliza watu miaka minane. Leo ndiyo usahau?"

Lubega akachomoa bastola. Risasi ilimpata pajani. Lubega alijaribu kulibeba sanduku peke yake, akashindwa. Akaliburuta hatua kumi, akalipiga teke, akalitukana, akakimbilia kwenye matete.

Saa 5:02.

Fulgensio alijifunga shati kwenye paja. Damu ikapita. Alifikiri: nikinyamaza, nikajikokota hadi vichakani, hawatanipata. Akajaribu. Mguu haukukubali. Damu ikazidi.

Simu ikaita.

"Abiria, mimi iko hapa. Wewe iko wapi?"

Sauti aliijua. Waiswa, gari namba kumi na nne.

"Waiswa."

"Fule? Ni wewe uliyeita? Aa, ndugu yangu. Wewe si ungeniuliza upande?"

Fulgensio akalitazama sanduku, kisha shati lililolowa. Sauti ilipotoka ilikuwa ile ya redio, kavu, ya mtu wa kazi.

"Waiswa, sikiliza. Ita polisi. Waje na daktari, nina risasi mguuni. Rejaf."

"Rejaf, nimepata."

"Sharig," Fulgensio akasema. "Wasije kwako. Waambie sharig."

"Nimepata, sharig," Waiswa akajibu, jinsi madereva wote walivyomjibu miaka ile minane.